Kuongeza nguvu ya injini za Noah na HiAce

Kuongeza nguvu ya injini za Noah na HiAce ni kazi ya kubadilisha injini iliyotoka kiwandani, au vifaa vinavyoizunguka, ili gari lipande mlima, libebe abiria au likimbie kuliko lilivyoundwa. Toyota Noah na Toyota HiAce ni magari ya Kijapani yanayotumika sana kubeba abiria nchini Tanzania, hasa kati ya miji, kata na vijiji. Kwa sababu hiyo injini zake hufunguliwa, hurekebishwa na hubadilishwa katika gereji za karibu kila mji.

Kazi hii ina sehemu mbili zinazochanganywa mara nyingi. Ya kwanza ni kurudisha nguvu ambayo injini ilikuwa nayo ikapotea kwa uchakavu. Ya pili ni kuipa injini nguvu ambayo haikuwa nayo tangu mwanzo. Sehemu ya kwanza ni matengenezo ya kawaida na haina hatari kubwa. Sehemu ya pili huongeza joto na mzigo juu ya vifaa ambavyo havikupimwa kwa ajili hiyo, hasa mfumo wa kupoza, klachi na breki.

Magari na injini zake

HiAce ilianza kutengenezwa mwaka 1967. Jina la Noah lilianza kutumika mwaka 1996 kwa magari ya TownAce Noah na LiteAce Noah. Tangu mwaka 2001 Noah limekuwa jina la gari linalojitegemea. Katika Noah za 1996 hadi 2001 injini iko chini ya viti vya mbele na huendesha magurudumu ya nyuma. Katika zile zilizofuata injini iko mbele, chini ya boneti, na kwa kawaida huendesha magurudumu ya mbele. Jambo hili ni muhimu kwa fundi, kwa sababu injini iliyo chini ya viti ina nafasi finyu na hupata upepo mdogo wa kuipoza.

Injini zinazokutwa zaidi ni hizi:

- 3S-FE: petroli, ujazo wa sentimita za ujazo (cc) 1,998, nguvu farasi 130, Noah za 1996 hadi 2001.
- 3C-T na 3C-TE: dizeli yenye turbo, cc 2,184, nguvu farasi zaidi kidogo ya 90, Noah za wakati huohuo.
- 1AZ-FSE: petroli, cc 1,998, nguvu farasi zaidi kidogo ya 150, Noah za 2001 hadi 2007. Hii ndiyo injini inayojulikana kwa jina la D-4, ambayo hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda.
- 3ZR-FE na 3ZR-FAE: petroli, cc 1,986, Noah za 2007 hadi 2014.
- 2L, 3L na 5L: dizeli zisizo na turbo, cc 2,446, 2,779 na 2,986, HiAce za zamani. Injini ya 3L ina nguvu farasi 91.
- 1KZ-TE: dizeli yenye turbo, cc 2,982, nguvu farasi 130, HiAce za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000.
- 1TR-FE (cc 1,998) na 2TR-FE (cc 2,693) za petroli, pamoja na 2KD-FTV (cc 2,494) na 1KD-FTV (cc 2,982) za dizeli yenye turbo. HiAce zilizotoka kuanzia 2004.

Nguvu ya injini hupimwaje

Nguvu ya injini hupimwa kwa kilowati au kwa nguvu farasi. Nguvu farasi moja ya vipimo vya Kijapani ni sawa na kilowati 0.7355, kwa hiyo nguvu farasi 130 ni karibu kilowati 96. Nguvu hutokana na mambo mawili: nguvu ya kuzungusha, inayopimwa kwa nyutoni mita, na idadi ya mizunguko ya injini kwa dakika. Hesabu yake ni hii:

kilowati = nyutoni mita × mizunguko kwa dakika ÷ 9,549

Kwa mfano, injini ya 3L hutoa nyutoni mita 188 ikizunguka mara 2,400 kwa dakika. Hapo nguvu yake ni kilowati 47. Injini ya 1KZ-TE hutoa nyutoni mita 289 katika mizunguko 2,000 tu, yaani kilowati 60 au zaidi kidogo. Kwa hiyo, dereva wa 1KZ-TE anapata kwa utulivu nguvu ambayo dereva wa 3L huipata tu kwa kuizungusha injini karibu na kikomo chake. Hesabu hii inaonyesha kwa nini namba ya nguvu farasi peke yake haitoshi kulinganisha injini mbili kwenye mlima. Kinachohitajika mlimani ni nguvu ya kuzungusha inayopatikana mapema, pamoja na gia inayofaa.

Mwinuko na milima: mfano wa Songea

Injini huunguza mafuta kwa oksijeni ya hewa. Kadiri mahali palivyo juu ya usawa wa bahari, hewa huwa nyepesi, na injini isiyo na turbo hupungukiwa nguvu. Kwa makadirio ya kawaida, upungufu ni takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000.

Mji wa Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200. Gari linalotumika katika kata za manispaa yake, kama Mshangano, linavuta hewa yenye uzito wa karibu asilimia 89 ya hewa ya Dar es Salaam. Injini ya 3S-FE yenye nguvu farasi 130 pwani hutoa hapo karibu 115 hata ikiwa mpya kabisa. Njombe, ambako mwinuko unakaribia mita 2,000, hubaki karibu 107. Fundi akiambiwa kwamba gari lililotoka Dar es Salaam "limechoka" baada ya kufika Songea, sehemu ya uchovu huo haitokani na injini bali na hewa yenyewe.

Pamoja na mwinuko kuna milima. Barabara ya Songea hadi Njombe na Makambako ina milima mirefu, ukiwemo mlima Lukumburu. Barabara ya Songea, Mbinga hadi Mbamba Bay hupita katika milima ya Wamatengo kisha hushuka hadi Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari. Huko ndiko dereva anapotambua kwamba gari halina nguvu ya kutosha.

Mfano ufuatao unaonyesha ukubwa wa kazi. HiAce yenye uzito wa kilo 2,500 pamoja na abiria inapanda mlima wa asilimia 8, yaani unaoinuka mita 8 kwa kila mita 100 za barabara.

- Kwa kilomita 40 kwa saa, kuuinua uzito huo peke yake kunahitaji kilowati 22. Ukijumlisha msuguano wa tairi, inakuwa karibu kilowati 26.
- Kwa kilomita 60 kwa saa, kuinua uzito kunahitaji kilowati 33. Ukijumlisha tairi na upepo, inakuwa karibu kilowati 42.

Injini nzima ya 3L ina kilowati 67 pwani. Kwenye mwinuko wa Songea hubaki karibu 60, na baada ya kupita kwenye gia, shafti na difu, zinazofika kwenye magurudumu ni karibu 50. Kwa hiyo HiAce yenye injini nzima inaweza kupanda mlima huo kwa kilomita 60 kwa saa bila kubadilishwa chochote. Ikiwa injini imepoteza robo ya nguvu yake kwa uchakavu, magurudumu hupata kilowati chini ya 40, na gari halifikishi tena mwendo huo. Uzito nao una sehemu yake: abiria watano wa ziada na mizigo yao, wenye jumla ya kilo 400, huongeza kazi ya kupanda kwa karibu asilimia 16. Kuondoa mzigo uliozidi ni sawa na kuongeza nguvu ya injini, na hakugharimu kipuri chochote.

Kurudisha nguvu iliyopotea

Kabla ya kuongeza chochote, fundi hupima injini ilivyo. Kipimo cha kwanza ni mgandamizo wa silinda. Katika injini ya 3S-FE iliyo nzima kila silinda hufikia karibu bar 12, na ikishuka chini ya bar 10 injini inahitaji kufunguliwa. Dizeli za familia ya L hufikia karibu bar 30. Tofauti kati ya silinda na silinda ni muhimu kuliko namba yenyewe: katika injini ya petroli isizidi bar 1. Silinda moja iliyo chini huashiria ringi zilizochakaa, valvu isiyofunga vizuri au gasketi ya silinda hedi iliyoungua.

Sababu nyingine za kawaida za kupotea kwa nguvu ni hizi:

- Chujio la hewa lililojaa vumbi. Kwenye barabara za udongo wakati wa kiangazi, chujio huziba mapema kuliko kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari.
- Chujio la mafuta lililoziba, au nozeli zinazodondosha badala ya kupuliza.
- Plagi na koili zilizochoka katika injini za petroli.
- Mkanda wa taimingi uliofungwa ukiwa umeruka jino moja. Injini huwaka na hutembea, lakini valvu hufunguka kwa wakati usio wake na nguvu hupungua. Katika injini za 3S-FE na 3L mkanda huu hubadilishwa kila kilomita 100,000.
- Breki zinazoshika wakati hazijakanyagwa, au klachi inayoteleza. Hapo injini ni nzima lakini nguvu haifiki barabarani.
- Mafuta yasiyo safi. Kuchakachua, yaani kuchanganya dizeli au petroli na mafuta ya taa, hupunguza nguvu na kuharibu pampu na nozeli. Mwaka 2010 mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kukabiliana na tatizo hilo. Injini ya D-4 huathirika zaidi, kwa sababu pampu yake ya mgandamizo mkubwa hulainishwa na petroli yenyewe.
- Thamostati iliyoondolewa. Baadhi ya mafundi huitoa wakiamini kwamba injini itapoa zaidi. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi hula mafuta mengi na ringi zake huchakaa upesi. Isitoshe, katika baadhi ya injini za Toyota thamostati ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji; ikiondolewa, sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na injini huweza kuchemka mlimani.

Gari ambalo limefanyiwa marekebisho haya yote na bado halipandi ndilo linalofaa kufikiriwa kuongezewa nguvu.

Njia za kuongeza nguvu

Injini ni kama pampu ya hewa: nguvu yake hutegemea kiasi cha hewa inachovuta na mafuta yanayounguzwa na hewa hiyo. Njia zote hurudi kwenye msingi huo.

Hewa na ekzosti

Njia rahisi ni kuweka chujio la hewa linalopitisha zaidi, kuvuta hewa kutoka mahali pa baridi badala ya karibu na injini, na kuweka ekzosti pana. Katika injini isiyo na turbo, faida ni ndogo, kwa kawaida asilimia chache tu. Chujio la wazi linaloruhusu vumbi hula ringi na silinda, kwa hiyo nguvu inayopatikana mwezi huu hupotea baadaye. Kuondoa kisafisha moshi (masega) huongeza kelele na moshi wa sumu kuliko kinavyoongeza nguvu, hasa kama masega yenyewe hayajaziba.

Kuongeza dizeli

Katika dizeli za zamani kama 2L na 3L, pampu ina skrubu inayoweka kiwango cha juu cha mafuta. Kuikaza huongeza dizeli, na dereva huona tofauti mara moja. Hata hivyo, injini isiyo na turbo haipati hewa zaidi. Dizeli inayozidi hewa haiungui yote. Hutoka kama moshi mweusi, na joto ndani ya silinda hupanda. Kwenye mlima mrefu joto hilo huweza kuyeyusha kichwa cha pistoni au kupasua silinda hedi. Kwenye mwinuko wa Songea au Njombe hewa ni nyepesi, hivyo skrubu iliyowekwa sawa pwani huwa tayari imezidi kidogo. Moshi mweusi unaofuata gari mlimani ni ishara ya kupunguza dizeli, wala si ishara ya nguvu.

Kompyuta ya injini

Injini za kisasa huongozwa na kompyuta inayopanga kiasi cha mafuta, wakati wa kuwasha na msukumo wa turbo. Programu yake ikibadilishwa, dizeli yenye turbo kama 1KD-FTV huweza kuongezeka nguvu kwa asilimia 20 au zaidi. Petroli isiyo na turbo huongezeka kidogo tu, kwa kawaida chini ya asilimia 10, kwa kuwa hakuna hewa ya ziada ya kutumia. Programu ikinunuliwa ikiwa imeandaliwa kwa mafuta ya nchi nyingine, injini huweza kugonga na kuharibika.

Kuskimu silinda hedi

Kukata sehemu nyembamba ya uso wa silinda hedi hupunguza nafasi ya kuunguzia na kupandisha uwiano wa mgandamizo. Kinadharia, uwiano ukipanda kutoka 9.5 hadi 10.5, ufanisi wa injini ya petroli hupanda kutoka asilimia 59 hadi 61. Ni faida ndogo. Mashine za kuskimu hutumika hasa kunyoosha hedi iliyopinda kwa joto. Kazi hiyo ni ya lazima, lakini haipaswi kuhesabiwa kama njia ya kuongeza nguvu. Ikikatwa kupita kipimo, injini ya petroli huanza kugonga, na katika dizeli valvu huweza kugusa pistoni.

Turbo na supachaja

Turbo ni pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa ekzosti. Ilibuniwa na mhandisi wa Uswisi Alfred Büchi, aliyepata hataza mwaka 1905. Supachaja hufanya kazi hiyohiyo lakini huzungushwa na mkanda wa injini. Zote mbili hulazimisha hewa kuingia, kwa hiyo huondoa pia sehemu kubwa ya upungufu unaotokana na mwinuko. Hii ndiyo sababu HiAce ya 1KZ-TE haichoki sana ikifika Njombe ikilinganishwa na ya 3L.

Kufunga turbo kwenye injini isiyoundwa kwa ajili yake si kazi ya kuunganisha mabomba tu. Injini hiyo huwa na pistoni za uwiano mkubwa wa mgandamizo, haina njia ya oili ya kulainisha turbo, na rejeta yake ni ndogo.

Kubadilisha injini

Njia inayotumika zaidi kwa magari ya abiria ni kushusha injini yote na kufunga nyingine yenye nguvu zaidi, mara nyingi ya mtumba kutoka Japani. Kuhama kutoka 3L kwenda 5L ni rahisi, kwa sababu ni familia moja. Kuhama kwenda 1KZ-TE kunahitaji pia nyaya na kompyuta yake, rejeta kubwa, na klachi inayostahimili nguvu mpya. Silinda hedi ya 1KZ-TE ni ya aluminiamu na inajulikana kupasuka ikichemka, kwa hiyo injini ya mtumba hupimwa hedi na mgandamizo kabla ya kufungwa. Mafundi wenye uzoefu hupendelea kuchukua injini pamoja na gia boksi yake, nyaya zote na kompyuta kutoka gari moja, kuliko kukusanya vipande kutoka magari tofauti.

Mifano ya kiwandani na ya mashindano

Kampuni za magari zenyewe zimewahi kuongeza nguvu ya injini za magari ya aina hii. Toyota ilifunga supachaja kwenye injini ya cc 2,438 ya gari la Estima, linaloitwa Previa katika nchi nyingine. Injini ya kawaida, 2TZ-FE, ilikuwa na nguvu farasi 135. Ile ya supachaja, 2TZ-FZE, ilifikia 160. Ongezeko hilo ni la asilimia 19 tu, ingawa lilifanywa na kiwanda chenye vipimo vyote. Nchini Marekani, Dodge Caravan ya 1989 na 1990 iliuzwa pia ikiwa na injini ya lita 2.5 yenye turbo na nguvu farasi 150, wakati ile ya kawaida ilikuwa na takriban 100.

Mfano unaoihusu zaidi Afrika Mashariki ni wa familia ya injini za 3S. Injini ya Noah ya zamani, 3S-FE, ni ndugu wa 3S-GTE iliyoendesha Toyota Celica katika mbio za Safari Rally nchini Kenya. Björn Waldegård alishinda kwa Celica mwaka 1990, Carlos Sainz mwaka 1992, Juha Kankkunen mwaka 1993 na Mkenya Ian Duncan mwaka 1994. Injini zote mbili zina cc 1,998, pistoni zenye kipenyo cha milimita 86 na mwendo wa milimita 86. Ndiyo maana huaminika kwamba Noah inaweza kufanywa kama Celica kwa kufungwa turbo.

Tofauti yake, hata hivyo, iko ndani. Katika 3S-FE uwiano wa mgandamizo ni kati ya 9.5 na 9.8. Katika 3S-GTE ya magari ya barabarani ulishushwa hadi 8.5 au 8.8 ili petroli isijiwashe kabla ya wakati chini ya msukumo wa turbo. Silinda hedi yake ni tofauti, na pistoni zake hurushiwa oili kwa chini ili zipoe. Turbo ikifungwa kwenye 3S-FE bila mabadiliko hayo, injini hugonga, na pistoni au gasketi ya hedi ndiyo hulipa gharama.

Joto, gia na breki

Injini hubadilisha takriban theluthi moja tu ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Iliyobaki huwa joto, linalotoka kwa ekzosti na rejeta. Kwa hiyo kila kilowati inayoongezwa huleta joto zaidi la kutolewa. Gari linaloongezewa nguvu huhitaji rejeta iliyo safi au kubwa zaidi, feni inayofanya kazi, kifuniko cha rejeta kinachoshika mgandamizo, na kipozeo badala ya maji matupu. Maji matupu huotesha kutu na kuziba njia nyembamba. Katika Noah ambayo injini iko chini ya viti, mshale wa joto huangaliwa zaidi, kwa kuwa dereva huchelewa kuona mvuke.

Baada ya joto kuna klachi, gia boksi, propela shafti na difu. Vyote hivi vilichaguliwa kwa nguvu ya kuzungusha ya injini ya awali. Kwa kawaida klachi ndiyo huanza kuteleza.

Jambo linalosahaulika zaidi ni breki. Nishati ya gari linalotembea huongezeka kwa mraba wa mwendo. HiAce ya kilo 2,500 ikiwa na kilomita 80 kwa saa ina kilojuli 617. Ikiwa na kilomita 100 kwa saa ina kilojuli 965. Mwendo umeongezeka kwa robo, lakini kazi ya breki imeongezeka kwa zaidi ya nusu.

Kwenye mteremko hesabu ni ileile ya kupanda ikigeuzwa. Gari lililohitaji kilowati 22 kuinua uzito wake kwa kilomita 40 kwa saa hupewa na mlima kilowati 22 hizohizo linaposhuka kwa mwendo huo. Msuguano wa tairi na upepo huchukua kidogo. Zilizobaki lazima zizuiwe na injini kupitia gia ndogo, au zigeuke joto kwenye breki. Breki zikipata joto kupita kiasi, pedi huteleza na mafuta ya breki huweza kuchemka, na pedali huzama bila gari kusimama. Turbo haisaidii chochote hapo. Gari lililopanda Lukumburu haraka kwa injini mpya litashuka upande wa pili kwa breki zilezile za zamani.

Kwa sababu hiyo utaratibu salama huanza na breki. Diski, ngoma, pedi, viatu vya breki na mabomba hukaguliwa, mafuta ya breki hubadilishwa, na tairi huwekwa zenye uwezo wa kubeba uzito wa gari, kabla injini yenye nguvu zaidi haijafungwa. Dereva naye hushuka kwa gia aliyopandia au iliyo ndogo zaidi, wala hazimi injini ili kuokoa mafuta, kwa kuwa msaada wa breki na usukani hutegemea injini inayozunguka.

Sheria na usajili

Nchini Tanzania magari husajiliwa na Mamlaka ya Mapato (TRA). Kadi ya gari huonyesha namba ya chasisi, namba ya injini na ujazo wake. Injini ikibadilishwa, taarifa hizo hazilingani tena na gari, na mmiliki hupaswa kuzirekebisha. Vinginevyo gari hutiliwa shaka wakati wa ukaguzi au linapouzwa. Risiti ya injini ya mtumba huthibitisha kwamba haikuibwa. Kampuni ya bima nayo hupaswa kujulishwa mabadiliko makubwa, kwa sababu mkataba wa bima hutegemea maelezo ya kweli ya gari.

Usalama wa gari barabarani husimamiwa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo huweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Leseni za magari ya abiria hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA katika usafiri wa nchi kavu. Nchini Kenya kanuni za mwaka 2004, zilizojulikana kwa jina la waziri John Michuki, ziliwalazimisha wenye matatu kufunga vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na mikanda ya abiria. Mahali penye kikomo cha namna hiyo, nguvu ya ziada ina kazi moja halali: kupanda mlima na mzigo unaoruhusiwa bila kuichosha injini. Haiwezi kutumika kufupisha safari kwenye barabara tambarare.

Tazama pia

- Injini ya mwako wa ndani
- Injini ya dizeli
- Daladala
- Matatu
- Safari Rally
- Songea
- Mshangano